Wakili wa Mzee Asiyedanganya

Kwenye chumba chetu cha Dengfeng, huku China, tulikuwa wanawake wanne wa kununua nguo na simu za kwenda kuuza nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa wakili wa yule mzee wa tamthilia. Kila jioni, tukimaliza kufunga mizigo, tulimtazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la majani ya chai. Mzee hadanganyi, hafichi, hasamehi. Siku aliposimamisha harusi ya mpwa wake ili awatangazie wageni kwamba bibi harusi aliwahi kuolewa, wenzangu walimlaani. Mimi nilipiga makofi. Nikawaambia msema kweli mpenzi wa Mungu, nikatunisha kifua utadhani methali ile nimeitunga mimi.

Wakaanza kuniita mke wa mzee. Jamani, nilifurahi.

Basi ikafika zamu yangu ya kurudi nyumbani. Huku tuna desturi ya kubebeana: anayesafiri na kilo za ziada huchukua vifurushi vya wenzake. Binti wa kitanda cha juu, ambaye mama yake ni jirani yangu Morogoro na tunasali kanisa moja, akaniletea kiboksi kilichozungushiwa selotepu kila upande. Nikamwambia sibebi nisichokiona. Hilo si kosa, hata leo nasimamia hapo hapo. Akaniomba tutoke koridoni anionyeshe. Nikakataa. Nikamwambia ukweli haujifichi koridoni, mkono kiunoni, sauti ile ile ya mzee wa tamthilia, huku nikihakikisha wale wawili wengine wanasikia.

Akakata selotepu. Ndani mlikuwa na titi la bandia, la kuvaa ndani ya sidiria, rangi ya ngozi yetu. Ndipo nikaelewa kwa nini alizunguka masoko wiki tatu, kila duka anaonyeshwa la rangi ya Wachina, akiulizia la mtu mweusi anajibiwa mei you, hakuna. Mama yake alikuwa amekatwa titi, na mtaani kwetu hakuna aliyeambiwa.

"Mama aliniomba jambo moja tu," akasema. "Wewe usijue. Alisema wewe huwezi kuficha."

Wale wawili wakakumbuka ghafla kwamba wana nguo za kuanua. Nikabaki na aibu yangu, na nikamfikiria mzee. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akisema ukweli wake jikoni, na mtu mmoja tu. Siku zote pana wageni, na siku zote yeye amesimama. Nilidhani ana msimamo, kumbe anapenda kutazamwa. Na mimi, mjinga wa watu, nilimpenda kwa sababu tulikuwa ndugu.

Jioni ileile mama yake akapiga simu. Binti akanikabidhi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza polepole kama kile kifurushi kimenifikia, na kama nimekifungua. Mwanawe alikuwa amesimama mbele yangu, akinitazama mdomoni.

"Kimefika, mama," nikasema. "Sijakifungua. Sijui hata kuna nini ndani."

Nikamsikia akishusha pumzi.

"Asante, mwanangu. Nilikuwa na wasiwasi bure. Mwingine angefungua."

"Kweli, mama," nikamjibu. "Mwingine angefungua."