Singo ya Chupa na Singo ya Mkono

Hoteli nilimokuwa nikifua mashuka kule Bamburi ilipopunguza wafanyakazi, nilirudi nyumbani Kisauni na ujuzi mmoja tu: kutengeneza singo, ule mchanganyiko wa liwa ya msandali, dalia ya manjano, asumini na mawaridi anaosuguliwa bibi harusi ngozi ing'are. Sasa niitie chupani niuze, au niende majumbani nisugue maharusi kwa mikono yangu?

"Kusugua watu!" nilimwambia wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye Mungu kampa ulimi wa kunichokoza. "Mashuka nimeyasugua miaka yote, sasa nianze na wanaoyalalia?"

"Angalau hao watageuka wenyewe," akanijibu.

Nikachagua chupa. Nilijiona mfanyabiashara mkubwa: bidhaa yangu itatembea mitaani, nami niko barazani nakunywa kahawa. Nikatwanga, nikachekecha, nikabandika karatasi zenye picha ya waridi ambalo wifi aliapa ni kabichi. Chupa zikanunuliwa. Maelezo ya kutumia sikuandika. Mwanamke gani wa pwani asiyejua singo?

Bibi harusi mmoja wa Utange hakujua. Siku moja kabla ya nikaha mamake alinipigia simu. Hakusalimu, na mtu wa kwetu asiposalimu, ujue pana jambo.

"Njoo umwone mwanangu."

Nikamchukua wifi, maana sikutaka kutukanwa peke yangu. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia ujionee."

Binti alikuwa amekaa kitandani. Alijipaka chupa nzima, akalala nayo mpaka asubuhi, na sasa alikuwa manjano tangu kipaji cha uso hadi nyayo.

"Biriani tayari," wifi akaninong'oneza, "bado kuku tu."

Nikamfinya. Lakini binti alikwisha sikia. Akacheka, akalia, kisha akacheka tena.

Niliomba maziwa, unga wa choroko na mafuta ya nazi, nikakunja mikono ya buibui. Nilisugua mpaka adhana ya alasiri. Manjano ilitoka kidogo kidogo, na maneno nayo yakamtoka binti. Alikuwa anakwenda kuishi Changamwe, karibu na uwanja wa ndege. Je, mtu hulalaje na kelele zile? Na mama mkwe, aliyesikia kuwa ni mkali, je akimpikia chakula kikaharibika?

"Muulize huyu," wifi akasema, akininyooshea kidole. "Siku ya kwanza alimpikia mamangu wali mbichi. Mamangu akala sahani nzima, akatukanya tusiseme neno."

Mkono wangu ukasimama mgongoni mwa bibi harusi. Wallahi, miaka yote hiyo nilidhani ule wali ulikuwa mzuri. Nilikuwa hata nikijisifia!

"Mbona hukuniambia?"

"Si nimekwambia tulikanywa?"

Sote watatu tukacheka mpaka mamake binti akafungua mlango kutazama kulikoni. Akamkuta mwanawe ameng'ara, rangi yake imerudi, macho makavu. Akaenda kutuletea chai na mahamri.

Kabla hatujaondoka, shangazi wawili wa binti walinishika mkono. Mmoja alikuwa na binti wa kuozwa baada ya mfungo, mwengine alitaka kusuguliwa mwenyewe, ndoa ya pili, na hakuona haya kusema. Nikawaambia chupa ninazo nyumbani.

"Chupa tufanyie nini?" akasema huyo wa ndoa ya pili. "Njoo wewe."

Basi nikawa naenda. Singo natengeneza bado, lakini haitoki nyumbani bila mimi. Jioni magoti huniuma na kucha zangu zina manjano isiyotoka. Wifi hufuatana nami kila mara, eti kunisimamia. Kazi yake kubwa ni kula halua ya wenyewe na kuwasimulia maharusi aibu zangu, na nimegundua kuwa wengine huniita kwa ajili yake.