Viti Vilivyopeana Mgongo

Kaa hapa unisikilize, hasa kama na wewe umepewa darasa la watu wazima na vipande vitatu vya chaki, ukaambiwa uwafundishe lugha ambayo hawaiongei nyumbani. Nitakueleza polepole, maana mimi mwenyewe nilielewa polepole.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, tulipokuwa sote *citoyen* na *citoyenne*, yaani raia, hata muuza mihogo. Mara tatu kwa wiki, saa kumi alasiri, nilifundisha Kifaransa katika ukumbi wa parokia hapa Kolwezi. Mimi ni binti wa Waislamu waliotoka Maniema, lakini padri hakuniuliza habari za dini. Aliniuliza kama ningeweza kuanza Jumatatu. Wanafunzi wangu walikuwa wafanyakazi wa migodi waliotoka kazini na vumbi jekundu kwenye viatu, pamoja na akina mama wa sokoni.

Nilianza kama nilivyofundishwa mimi. Niliandika mazungumzo ubaoni, nao wakayakariri. Unaitwa nani? Unakaa mtaa gani? Waliulizana mambo waliyoyajua tayari, kwa kuwa wengi walikuwa majirani wa miaka mingi. Baada ya miezi miwili waliyatamka vizuri sana. Lakini nikibadilisha swali moja tu, ukumbi wote unanyamaza.

Kati yao alikuwemo fundi wa pampu, mtu wa asili ya Kasai, aliyefanya kazi katika mgodi wa Mutoshi. Huyu alikuwa na shida ya kweli. Alitaka kuwa mkuu wa timu yake, na mtihani wenyewe ulifanywa kwa simu: unapewa mchoro wa pampu yenye kasoro, unampigia injinia aliye chumba kingine, unamweleza kwa Kifaransa kasoro iko wapi, naye anachora anachosikia. Mara ya kwanza alishindwa. Alinisimulia mwenyewe bila kuficha.

"Mwalimu, nilishika telefone na mukono moja. Na kidole ya ule mukono ingine nilikuwa naonyesha tu mu karatasi: *ici, ici, monsieur l'ingénieur*. Hapa, hapa!"

"Na injinia alisema nini?"

"Aliuliza kama niko mugonjwa."

Nafasi ya pili, ya mwisho, ilikuwa baada ya wiki sita. Akishindwa tena, kazi ile angepewa mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika spana, na angemwita "shefu" mpaka siku ya pensheni.

Nilirudi nyumbani nikimfikiria baba yangu. Alikuwa na lori, akipeleka chumvi na vitambaa hadi Musumba, kwa Walunda, na Kilunda alikiongea bila woga ingawa hakukalia dawati hata siku moja. Neno lake la kwanza la Kilunda halikuwa salamu. Aliuliza kama daraja la mbele bado limesimama. Yeye alihitaji jibu, na mtu aliyekuwa nalo alijua Kilunda tu. Hapo niliona kosa langu. Wanafunzi wangu walikuwa na maneno ya kutosha, ila hawakuwa na sababu ya kuyatumia. Baadaye, katika semina ya walimu, niliambiwa kwamba njia hiyo ina jina, mkabala wa mawasiliano, nikafurahi kama mtu aliyekuta shamba lake kwenye ramani.

Njia yenyewe si ngumu. Mmoja unampa kitu ambacho mwenzake hana. Mwenzake unampa kazi ambayo hawezi kuimaliza bila kitu hicho. Wataongea, kwa kuwa hakuna njia nyingine.

Nikaokota vizibo vya chupa za bia, nikaviandika namba, kila namba mara mbili. Wenye namba inayofanana wangekaa wawili wawili, uso kwa uso. Fundi akachomoa nne. Nne ya pili ikaenda kwa mama mmoja mwenye sauti kubwa, muuza ndakala, wale samaki wadogo wakavu. Yeye alijifunza Kifaransa ili awajibu wake wa mainjinia waliomshushia bei.

Fundi akatazama kizibo, akasimama, akaenda kusimama karibu na ukuta. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, wakimwita Tata, yaani baba.

"Tata, kimbia! Mulango iko wazi!"

"Leo bukwe inakufa!"

"Kuna nini?" nikauliza.

"Mwalimu," fundi akasema akitazama sakafu, "ule njo mama mukwe yangu. Siwezi kuikala mbele yake. Siwezi kumuangalia mu macho."

Ndipo nikaelewa kwa nini kila siku aliingia kwa mlango wa nyuma, na kwa nini wawili hao walikaa pembe mbili za ukumbi. Mimi nilidhani wana ugomvi. Kwetu mkwe anaheshimiwa vilevile, lakini unamsalimia usoni. Kwao heshima hiyo ya ukwe, bukwe, ni kumpisha. Nikanyoosha mkono nichukue vizibo, nibadilishe jozi.

"Wacha, mwalimu," mama akasema, naye akitazama dirishani. "Geuza biti. Yeye aangalie mulango, mi niangalie dirisha. Kinywa haina macho."

Tukavigeuza viti, vikapeana mgongo. Fundi nikampa mchoro wa pampu inayovuja, mama nikampa kibao na chaki. Fundi akaanza, na kidole chake kikaenda mbele.

"*Ici*..."

"*Ici, où?*" mama akauliza. Hapa, wapi? Fundi akarudia, *ici*. Mama akagonga kibao kwa chaki, akasahau Kifaransa. "Tata, mi niko naangalia muti na mbuzi. Hapa yako iko kwa mbuzi?"

Siku hiyo pampu aliyochora mama ilitoka kama chungu chenye mkia. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Nami nikapata jambo ambalo semina haikunipa. Siku zilizofuata niligeuza viti vya wote, lakini jozi nyingine zilinidanganya. Mtu akikwama, anageuza shingo, anachungulia, anaonyesha kwa kidole, kazi imekwisha. Wale wawili tu hawakugeuka. Kugeuka kungekuwa aibu kwa wote wawili, basi kila walichokosa walikitafuta kwa maneno. Fundi akajifunza kusema chini ya bomba kubwa, bulon, yaani boliti, ya tatu kutoka juu, upande wa mota. Mama akajifunza kutomwachia: kushoto kwa kitu gani? Umesema tatu au nne? Rudia, tafadhali.

Fundi alikosea mengi, na mimi niliuma ulimi. Mwalimu akimkatiza mtu aliye katikati ya shida, anamnyang'anya shida yake. Makosa niliyaandika pembeni, tukayazungumza mwishoni, baada ya kibao kuonyeshwa. Wiki ya tano pampu ilitoka pampu. Mama akakinyanyua kibao juu ili watu wote waione, isipokuwa mkwe wake, aliyekuwa bado anatazama mlango akiuliza, "Iko muzuri?"

"Iko muzuri, Tata!" wakajibu wote.

Siku ya mtihani darasa lilikuwa kama kawaida, lakini sikumbuki nilifundisha nini. Kiti cha fundi kilikuwa kitupu. Darasa lililofuata, mama wa ndakala aliingia amebeba kuku aliyefungwa miguu, akamweka juu ya meza yangu, juu ya madaftari.

"Mutoto yangu njo alileta asubui," akasema. "Bwana yake amemutuma. Ni kuku ya telefone."

Makofi yakapigwa kabla hajamaliza, maana wote walielewa kwamba fundi amefaulu. Fundi akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye pembe yake ya siku zote, uso kwa ukuta. Wakamlazimisha asimulie.

"Niligeuza kiti, nikaangalia mulango," akasema. "Injinia akauliza: *à gauche de quoi?* Kushoto ya nini? Nikasema mu roho: kumbe na huyu anauza ndakala!"

Upande wa pili mama akaficha kicheko ndani ya kitenge chake. Hakugeuza kichwa.

Basi kesho, kabla ya kufungua kitabu, chukua viti viwili uvipeanishe mgongo. Mmoja mpe mchoro, mwingine mpe kibao na chaki. Kisha nenda ukae nyuma ya darasa, unyamaze mpaka mchoro uishe.