Sindano Aliyoiomba Léonard

Mwaka 1955 Athanase alikuwa muganga pekee, yaani muuguzi, wa dispanseri ya Kibabi, katika eneo la Masisi. Alikuwa mwepesi wa kukasirika, na ugonjwa wa Léonard ulimchosha roho kuliko mwingine wowote.

Léonard, mwindaji wa Walikale aliyekuja kuoa Masisi, alikuwa na uvimbe uliomla taya. Kila Athanase alipotoka kumfunga kidonda, alimkuta Gustave, mdogo wa mgonjwa, amesimama mlangoni.

"Muganga, umupatie sindano ya kumulalisha kabisa. Kwetu hata imbwa hatuiache iteseke hivi."

"Kaka yako si imbwa. Na mimi si mwindaji."

Aliudhika. Kila mtu alimletea maneno ya kifo, hakuna aliyemsaidia kutafuta dawa ya maumivu. Daktari wa hospitali ya Masisi alikuwa na mofini kabatini, lakini kila alipoombwa alisema ni kidogo. Mwishowe Athanase alipanda lori la maziwa, akakaa mbele ya ofisi ya daktari mpaka akapewa.

Aliamini maumivu yakitulia, ombi litakwisha. Yalitulia. Léonard alilala vizuri, akaamka, akamwita karibu.

"Sisikie tena maumivu," alisema kwa shida. "Sasa ninaomba na akili yangu yote. Unimalize."

Athanase alihisi kama amechezewa. "Sitafanya."

"Unakataa juu ya Mungu?"

"Juu ya Mungu, na juu ya wagonjwa wengine. Nikikufanyia hivyo, kesho nani atakubali nimuchome sindano?"

"Basi maziwa sinywi tena."

Na kweli hakunywa, ingawa kwa taya lile maziwa ndiyo yaliyokuwa chakula chake pekee. Drocella, mke wake, alimtaka Athanase apitishe mpira puani amlishe kwa nguvu. Athanase akakataa.

"Mama, bwana yako iko na akili yake. Siwezi kumufunga kamba nimulishe."

"Kumuua hutaki, kumuponyesha huwezi, kumulisha unakataa. Sasa wewe iko muganga wa nini?"

Swali hilo lilimkera Athanase zaidi. Aliendelea na mofini, akailowesha midomo ya mgonjwa kwa pamba yenye maji. Léonard akafa polepole, bila kulia.

Kwenye matanga Gustave alimwambia amemchelewesha kaka yake kufa, bure. Drocella alisema amemwacha mume wake afe. Athanase aliketi katikati yao, uso ameukunja, akala maharage aliyopewa, kisha akarudi dispanseri, kulikokuwa na wagonjwa wanaomngojea.