Fundi Bomba Aliyeandika Historia ya Wilerau

Köbi Tschanz alikuwa fundi bomba wa mji wa Wilerau kwa miaka arobaini na mmoja, na hakuna aliyeujua mji ule kama yeye, kwa sababu aliujua kutokea chini. Alipochimba mtaro kando ya ziwa, alikuta nguzo za nyumba za watu wa zama za mawe, zimesimama topeni kama zilivyoachwa. Alipochimba nyuma ya kanisa, alikuta sakafu ya bafu la Warumi. Kila mara alitoa taarifa, wataalamu wakaja na brashi zao, na bomba likachelewa miezi minane. Watu walimlaumu Köbi, si Warumi.

Alipostaafu, mji ulikuwa unajiandaa kusherehekea miaka mia saba na hamsini. Profesa aliyepewa kazi ya kuandika kitabu cha historia alikuwa ameandika kurasa mia mbili kwa miaka mitatu, na katika kitabu chake bado nchi ilikuwa imefunikwa na barafu ya kale. Annelies Liechti, mwenyekiti wa baraza la mji, akamfuata Köbi bustanini.

"Köbi, tuandikie wewe. Kwa kifupi."

"Mimi nimezoea ripoti za mabomba, Annelies."

"Hizo hizo. Angalau zako zilikuwa na mwisho."

Köbi akaandika majira yote ya baridi kwenye meza ya jikoni, mkewe Vreni akimsahihishia tahajia. Barafu iliyeyuka katika sentensi mbili. Watu wa nguzo walivua samaki, nyumba zikaungua, wakajenga tena palepale. Warumi walikuja, wakaoga, wakaondoka. Bwana wa ngome aliuuza mji kwa bwana mwingine. Wenyeji walipata habari baada ya wiki mbili. Mageuzi ya dini yalipofika, picha za watakatifu kanisani zilipakwa chokaa kwa siku moja, na waliopaka ni walewale waliochangia zichorwe. Askari wa Kifaransa walikula jibini lote. Ikaja reli, kikaja kiwanda cha skrubu za saa, wakaja Waitaliano kufanya kazi humo. Kiwanda kilifungwa, Waitaliano wakabaki, na ndipo mji ukapata kahawa inayonyweka.

Katikati, baada ya reli, palikuwa na ukurasa mmoja zaidi. Ulieleza jinsi baraza lilivyokuwa likiwagawa watoto wa maskini kwa wakulima, wakafanye kazi. Mwaka 1931 zamu ilimfikia Lina, msichana wa miaka saba. Alipelekwa shamba la Liechti, akalala juu ya banda la nguruwe hadi alipopata kipaimara. Lina alikuwa mama yake Köbi.

Barazani Annelies aliusoma ukurasa ule mara mbili.

"Mama yako alikula kwetu, Köbi."

"Alikula jikoni. Nyinyi mlikula mezani."

"Basi andika 'shamba moja'. Jina la nini?"

"Warumi nimewataja kwa jina, hawakulalamika."

"Warumi hawapigi kura Wilerau!"

"Haya. Ukitoka ukurasa huo, na mimi nachukua karatasi zangu. Mtabaki na barafu ya profesa."

Wajumbe wakanyoosha mikono: wanne wakaukubali, wawili wakaukataa. Annelies hakunyoosha wake. Nyumbani Köbi alimwambia Vreni kwamba mkutano ulikwenda salama, kisha akakaa muda mrefu bila kuvua koti.

Siku ya sherehe, ndani ya hema kubwa, mwenyekiti alitakiwa asome kipande cha kitabu. Köbi alitegemea atasoma kile cha jibini. Annelies akavaa miwani, akausoma ukurasa wa Lina, mbio mbio, kama mtu anayesoma masharti ya bima, na alipofika kwenye jina la shamba akarekebisha miwani. Akakohoa. Akalitamka.

Kisha akatangaza kwamba soseji ziko tayari.

Watu wakapiga makofi. Köbi hakujua wanapigia ukurasa au soseji. Alifuta macho kwa kitambaa cha karatasi, akaenda kupanga foleni, na zamu yake ilipofika haradali ilikuwa imekwisha.