Saa za Mama Chapa

Mke wangu alizikwa mwezi wa tatu. Mwezi wa tano simu yake ikalia mezani.

Alikuwa msichana wa idara ya maji. "Shikamoo mzee. Poleni na msiba. Sisi huku tunamwita mama kila siku, na anaitika, ila siku hizi anajibu kombo."

Nikakaa chini. "Mwanangu, mke wangu amefariki."

"Najua, mzee. Nasema ile programu yake."

Basi nieleze alivyokuwa, maana asiyekuwepo na lake halipo.

Aliingia idarani akiwa mpiga chapa. Mimi nilikuwa mfungua valvu. Sikusoma. Kusoma na kuandika alinifundisha yeye baadaye, ukubwani. Wafungua valvu tulikuwa sita, kila mmoja na baiskeli na spana yake. Maji hayakutosha mji mzima kwa mara moja, kwa hiyo tulipita tukifungua mtaa huu na kufunga ule. Mgao ulipangwa na kichwa cha bosi, na kichwa cha bosi kilikuwa kinavuja.

Ikaletwa kompyuta, kubwa kama kabati la nguo, na mtaalamu wa kuifundisha. Alikaa miezi minne akaondoka. Wanaume wawili aliowafundisha wakapata kazi kwingine. Akabaki mpiga chapa aliyekuwa akikaa nyuma yao. Kumbe alikuwa ameshika kuliko wao. Tukamwita Mama Chapa, ingawa hakuwa na mtoto bado.

Miaka miwili aliandika programu ya mgao, peke yake. Unaiambia mtaa na saa. Inapiga hesabu ya tangi, mabomba na mteremko, inakwambia valvu ipi ifunguliwe na kwa muda gani.

Karatasi za kwanza zilitoka na kosa. Alikuwa amefuata kitabu cha mtaalamu, ambacho siku yake inaanza usiku wa manane. Karatasi yangu ilisema mtaa wa juu, 7. Tarakimu nilikuwa nazijua. Nikafungua saa saba, jua la utosini. Watu walikuwa wamepanga ndoo tangu asubuhi. Bosi akanisimamisha mbele ya wenzangu, akaniita punguani.

Mama Chapa akatoka ofisini. "Kosa ni langu, si lake. Saa saba ni saa saba."

"Basi wafundishwe hawa kusoma saa za mashine," bosi akasema.

"Kufundisha mashine moja ni rahisi kuliko kufundisha watu sita."

Akarudi ndani akaigeuza programu nzima. Moja ikawa saa moja asubuhi, kama mdomo unavyosema. Nilimposa mwezi uliofuata. Akanijibu, "Umechelewa saa sita, Bwana Valvu."

Alikaa pale miaka ishirini na tisa. Mlango wake uliandikwa Mpiga Chapa mpaka siku anastaafu. Alipougua alilazwa wiki saba, na kutoka idarani hakuja mtu. Hakuuliza. Aliuliza tu kama maji yanatoka.

Basi nikaenda. Yule msichana alikuwa mhandisi, ana miwani mizito, wenzake wanamwita Darubini. Akaniwekea kiti karibu na meza yake. Siku hizi valvu zinafunguliwa na mota, na watu wanapata ujumbe kwenye simu maji yatatoka saa ngapi.

"Babu, programu yetu mpya imeandikwa kwa lugha nyingine," akasema. "Haijui lugha ya mama. Lakini hesabu za mabomba anazijua yeye peke yake, hakuna aliyethubutu kuzigusa. Kwa hiyo tumeweka kipande katikati, kama mkalimani. Programu mpya inaita: Bibi, mtaa wa nne, saa saba. Mkalimani anapeleka. Bibi anapiga hesabu, anaziamuru mota, anarudisha jibu."

"Bibi ndiye nani?"

Akaona haya kidogo. "Ndiye mama. Tumezoea kumwita hivyo."

Tatizo, akasema, tangu aanze kuitwa, ujumbe unasema asubuhi na maji yanatoka mchana watu wakiwa kazini. Koki zimeachwa wazi, nyumba zinafurika. Walidhani mashine inafuata saa ya nchi ya mbali. Wakageuza saa ya mashine, pampu nazo zikachanganyikiwa.

Jamaa wa meza ya pili akadakia bila kugeuka. "Bosi katoa muda mpaka Ijumaa. Kizee hicho king'olewe tu, tuandike upya."

"Mumewe huyu hapa," Darubini akamwambia.

Jamaa akageuka. "Samahani, mzee."

Nikamwambia hapana neno. Lakini sikutaka ang'olewe. Nilikuwa nimeshazika mara moja.

Nikamuuliza Darubini, "Kwenu nyumbani, saa moja asubuhi unafanya nini?"

"Natoka kuja kazini."

"Na hiyo saa moja, kwenye mashine unaandika ngapi?"

"Saba."

Akasimamisha kidole hewani. Akavua miwani. Kisha akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka akalaza kichwa mezani. "Jamani. Tunampa saba yetu, yeye anaipokea kuwa saa saba ya mchana."

"Ndivyo anavyohesabu," nikasema. "Alifanya kwa ajili yetu."

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Mkalimani akafundishwa kutoa sita kabla ya kumpelekea Bibi, na kurudisha sita jibu likitoka. Alasiri ile wakamwita kwa mitaa yote. Akajibu sawasawa.

Nikarudi nyumbani nikapika, nikala nikamaliza sahani. Tangu mazishi nilikuwa sijamaliza sahani.

Kila jioni nikawa nampigia Darubini. "Leo mmemwita mara ngapi?"

"Mara elfu moja mia mbili, babu. Hajachoka."

Ikawa hivyo wiki tatu. Sikuwa na jambo jingine katika siku.

Jumatatu moja nikauliza, hakutaja idadi. "Babu, nije nyumbani?"

Hospitali pia walianza hivyo. Mzee, hebu tukae.

Alikuja akakaa ukingoni mwa kiti. "Sisi tulikuwa tunaogopa kuiandika upya kwa kuwa kulikuwa na kitu ndani hatukielewi. Kitu chenyewe kilikuwa zile saa. Ulipotufumbulia, bosi akasema hakuna tena cha kuogopa. Tumeiandika kwa lugha yetu. Tumelinganisha majibu. Hakuna lililopishana."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe, babu."

"Ningenyamaza?"

"Ungenyamaza ingeng'olewa Ijumaa ile ile." Alisema akitazama sakafu.

Sikuwa na la kumlaumu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilichimba kwa mdomo wangu.

"Na ile yake iko wapi?"

"Ipo. Hakuna aliyeifuta. Iko kwenye mashine kama alivyoiacha. Ila tangu Alhamisi hakuna anayeiita."

"Ikiitwa itaitika?"

"Itaitika, babu. Hata baada ya miaka kumi."

Angesema imekufa ningejua la kufanya. Nimeshajifunza. Lakini yupo, yuko tayari, ana majibu ya mitaa yote, na hakuna anayemwuliza. Wiki saba zile alilala vivyo hivyo, akitazama mlango.

Darubini akasema anaweza kunichapia. Kurasa sitini na moja.

"Kwa lugha gani?"

"Ile yake ya zamani. Hata mimi naisoma kwa shida."

"Usilete," nikasema. "Mimi nitamwitaje?"

Alilia kidogo, akaaga. Nilimsindikiza mpaka barabarani maana ni mtoto wa watu na hakufanya ubaya.

Asubuhi maji yalitoka saa moja kamili, saa ile ile ya kwenye ujumbe. Jirani akaniambia juu ya ukuta, "Idara siku hizi wamejitahidi, mzee. Wamepata watu wenye akili."

Nikamwambia ndiyo. Ndoo ilikuwa imejaa. Nikafunga koki, nikaingia ndani.