Nguzo Aliyoikumbatia Jirani

Sijamsamehe jirani yetu, wala sijaribu.

Tulipohamia Bigwa kutoka Burundi, mama yangu alisalimia watu kwa namna ya kwetu: anakushika mikono yote miwili, anakukumbatia, anakuuliza habari za nyumbani bila kukuachia. Jirani, Mluguru mwenye genge la mboga, alipata kichekesho. Kila penye shughuli alikumbatia nguzo ya turubai, akafumba macho, akaiuliza nguzo hali ya watoto. Wanawake walicheka hadi kushika mbavu.

"Utani tu, mkimbizi wangu," alimwambia mama. "Mtani hanuni."

Mama hakununa. Aliacha tu kukumbatia watu. Baadaye akaacha kunikumbatia hata mimi. Akawa ananipa mkono, kama mgeni.

Basi nikajifunza utani. Nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kisiwe na kosa, na hakukuwa na wa kunifundisha. Nilikwenda kwenye misiba ya watu nisiowajua, nikawatazama watani wakimwigiza marehemu, wakinyakua vitu na kuvishikilia mpaka wafiwa wavikomboe. Nyumbani nilifanya mazoezi mbele ya kioo.

Mjomba wa jirani alipofariki, mzee aliyekula chumvi nyingi, niliingia jikoni kwao nikanyakua upawa wa maharage. Nikajifunga kanga kama jirani, nikapanga nyanya zisizokuwepo, nzuri mbele, zilizooza nyuma. Kisha nikaikumbatia nguzo.

Watu waliangua kicheko. Jirani akasimama.

"We binti, nani amekupa utani na sisi?"

"Si wewe, mama? Kila siku."

Mtani wao halisi, bibi mmoja wa Kinyamwezi, akapiga makofi. "Uliuanza mwenyewe! Mtani hanuni. Komboa upawa wako, maharage yanaungua."

Jirani akaagiza niletewe kuku.

"Sitaki kuku," nikasema. "Msalimie mama yangu, kama ulivyokuwa unaisalimia nguzo."

Nilitaka aumbuke mbele ya ukoo wake wote. Alikwenda ameinamisha uso hadi mkekani alipoketi mama, akanyoosha mikono. Mama akamshika, akamvuta kifuani, akamuuliza habari za nyumbani, na hakumwachia. Jirani akalia kwa sauti, kilio cha mfiwa, na hakuna aliyecheka tena.

Nilichukia. Kumbatio lile lilikuwa langu.

Njiani mama aliniuliza, "Nani alikufundisha kuchezea msiba wa watu?"

"Wao."

"Basi umeshakuwa wa hapa."

Hakusema kwa furaha. Tulipofika mlangoni alinipa mkono.

Kanuni inataka kitu kilichokombolewa kirudishwe. Kanuni zao nazijua zote. Upawa bado uko kwetu, mrefu kupita sufuria zetu zote, na jirani akiuulizia namwambia ni utani tu.