Mafiga ya Mama na Neno la Ukutani

Aibu hii ningeificha kama ningeweza, lakini nusu ya mtaa wetu pale Majengo ilikuwa chini ya turubai siku ile, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wenye kutia chumvi.

Mnajua nilivyohangaika na nyumba yangu, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, tofali leo, tofali mwakani, ili nimtoe mama kijijini kule upande wa Kaengesa aje apumzike. Akakubali shingo upande. "Nitakaa wiki moja, baba. Nikishindwa, Jumatatu unanirudisha." Akaja na begi moja na mafiga yake matatu, mawe aliyopikia tangu alipoolewa, kayafunga kwenye kitenge. Nikaona haya. Jiko la gesi lipo, jipya, bado lina nailoni, halafu mawe yenye masizi? Nikayatoa nje kimyakimya, nikamwambia nimeyahifadhi.

Jumamosi ikawa ya kubariki nyumba, nimealika walimu wenzangu, mkuu wa shule na majirani (niseme ukweli, wengi sikuwajua hata majina, geti langu lilikuwa halifunguki ovyo), na upepo wa Sumbawanga mnaujua, turubai likawa linataka kuruka, nikatafuta vitu vizito vya kufungia kamba nikayaona mafiga, nikayafunga.

Padri alibariki, akaondoka. Ningenyamaza tukala wali, yangeishia hapo. Lakini ukutani nilikuwa nimeandikisha neno HOME kwa rangi ya dhahabu, na Mwalimu Felista, ninayefundisha naye, akauliza kwa sauti, "Mwalimu, hebu tupe asili ya neno hilo."

Sikuijua. Lakini niseme sijui, mbele ya mkuu wangu? Nikasimama, nikakohoa, nikasema asili yake ni jengo imara la mtu mmoja, lenye ukuta na mlango wa kufunga, na kwamba mwenye jengo la namna hiyo ndiye amefika. Wakapiga makofi, nami nikanogewa.

Katikati ya hotuba nikamwona mama anakwenda pembeni, anainama. Kayaona mawe yake. Nilitaka kumwita, lakini nilikuwa katikati ya sentensi tamu (huu ndio ujinga wangu), na yeye kashafungua kamba, kachukua figa moja, analipangusa masizi na vumbi kwa kitenge. Upepo ukavuma. Turubai likanyanyuka, likatuangukia sote, mkuu wa shule na sahani yake, mimi na asili yangu ya neno. Humo humo chini nikamsikia Felista akisoma simu yake: "Mwalimu! Kamusi inasema hapo kale neno hilo lilikuwa na maana ya kijiji pia. Mahali watu wanapokaa pamoja!" Watu walicheka mpaka turubai likatikisika.

Tulipotoka, mama alikuwa amesimama na jiwe kifuani, machozi yanamtoka.

"Nimechukua moja tu, baba. Sikujua ndilo limeshika shughuli yako."

Moyo uliniuma. Nikayafungua yale mawili yaliyobaki, nikapiga magoti na suti yangu, nikayapanga yote matatu uani, maana jifya moja haliinjiki chungu. Wali ulikuwa umejaa vumbi na wageni wana njaa, basi Mama Zuhura mwenye duka jirani akaleta kuni, mwingine akaleta unga wa ulezi, mama akaanza kusonga ugali huku akimwuliza kila mtu jina lake na kwao ni wapi. Hapo ndipo nilipowajua majirani zangu, kwa kusikiliza maswali ya mgeni.

Jumatatu asubuhi nikawasha pikipiki, nikamgongea mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Si nakurudisha, mama?"

"Leo? Mama Zuhura anakuja nimfundishe kusonga ulezi. Nimwachie nani?"

Nimeapa kutoeleza tena neno nisilolijua, na kutogusa kitu cha mama bila kumwuliza. Geti sasa linashinda wazi, na jiko la gesi bado lina nailoni yake.